Mpiganaji wa Kuvizia: mwongozo kamili wa kumjenga, kiwango cha 1 hadi cha 10

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, mhusika anayepigana kutoka gizani mara nyingi huharibikia kwenye karatasi, kabla hajafika mezani. Mchezaji humpa panga mbili, humpa ujanja wa kujificha, humpa na uwezo wa kujiponya. Vita vikianza, anagundua kwamba vyote vitatu vinagombania kitu kimoja, kile kitendo kidogo ambacho kila mhusika hupata mara moja tu kwa zamu. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika tatu. Mwongozo huu unamjenga mhusika aliyechanganya taaluma mbili, Mpiganaji na Mjanja, kwa kanuni moja: kitendo kidogo ni cha kujificha na kutoroka, na kila uamuzi mwingine, kuanzia silaha hadi mpangilio wa viwango, uwe wa kukilinda.

Sheria tunazotumia ni za toleo la tano la mchezo huo, lile la mwaka 2014. Sehemu yake ya msingi ilitolewa bure kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hivyo mtu wa Tudor au Likoni, Mombasa, mwenye bando kidogo anaweza kuipakua na kuchapisha saiba zile kurasa anazozihitaji pekee. Kila tunachopendekeza hapa kimo ndani ya sehemu hiyo ya bure, na pale tunapotoka nje yake tutasema.

Kwanza tuelewane kwa majina. Kwenye karatasi ya Kiingereza utakuta Fighter na Rogue. Hapa tunawaita Mpiganaji na Mjanja. Dadu ya pande 20 tunaiandika d20, ya pande 6 d6, na 3d6 ni dadu tatu za pande sita zikijumlishwa. Faida ni kurusha d20 mbili ukachukua iliyo kubwa; hasara ni kurusha mbili ukachukua iliyo ndogo. Kinga ni namba ambayo adui lazima aifikie ili akupige. Umbali uko kwa futi, na mraba mmoja wa ramani ni futi 5.

Kwa nini uchanganye

Silaha kuu ya Mjanja ni Pigo la Kuvizia: dadu za ziada za madhara, mara moja kwa zamu, ukimpiga mtu kwa silaha ya wepesi au ya kurushia mbali. Masharti yake ni mawili, na moja linatosha: uwe na faida kwenye shambulizi hilo, au mwenzako awe ndani ya futi 5 za huyo unayempiga. Ukiwa na hasara, basi, pigo hilo hulipati hata mwenzako akiwa amemkumbatia adui.

Udhaifu wa Mjanja mtupu ni kwamba ana shambulizi moja tu. Likipita hewani, zamu nzima imepotea na dadu zake zote zimeenda nayo. Mpiganaji anapofika kiwango cha 5 cha taaluma yake hupata mashambulizi mawili kwa kitendo kimoja. Mshale wa kwanza ukikosa, wa pili unabeba Pigo la Kuvizia.

Tuweke hesabu mezani, bila kuhesabu pigo kuu (pale d20 inapotoa namba ya juu kabisa). Chukua kiwango cha 7, Wepesi 18, upinde mrefu, adui mwenye Kinga 15. Mhusika wetu (Mpiganaji 5, Mjanja 2) anaongeza 9 kwenye d20, kwa hivyo kila mshale una nafasi ya asilimia 75 ya kupata, na nafasi ya angalau mmoja kupata ni karibu asilimia 94. Wastani wake ni kama pointi 16 za madhara kwa zamu. Mjanja mtupu wa kiwango cha 7 mwenye upinde huohuo anaongeza 7, anapata kwa asilimia 65, na wastani wake ni chini kidogo ya 15. Mpiganaji mtupu wa kiwango hicho, ambaye kwa kawaida ameshafikisha Wepesi 20, yuko kwenye 15 na ushei. Lakini kama Mjanja mtupu anafanikiwa kujificha kila zamu na kupiga kwa faida, anapanda hadi karibu 20, na mhusika wetu anabaki kwenye 18. Kwa hiyo usichanganye kwa kutafuta namba kubwa kuliko wote. Unachanganya ili upate namba isiyoyumba, ngozi ngumu kiasi, na kile kitendo cha pili cha Mpiganaji ambacho kinaweza kumaliza vita kabla havijaanza.

Hatua ya 1: kabila na namba sita

Chagua elfu wa juu (high elf kwa Kiingereza). Hupata nyongeza ya 2 kwenye Wepesi na 1 kwenye Akili, huona gizani hadi futi 60, ana ustadi wa Utambuzi bila kuulipia, na muhimu kuliko yote, anajua kutumia upinde mrefu tangu alipozaliwa. Mjanja wa kawaida hajui upinde huo. Juu ya hayo hupewa uchawi mdogo mmoja: chukua ule wa kiini macho kidogo, unaotoa sauti au picha ya kitu hadi futi 30 kutoka ulipo. Sauti ya kikohozi upande wa pili wa uchochoro humgeuza mlinzi shingo, na haihitaji Akili nyingi. Ukiwa na kitabu kamili, elfu wa msituni ni bora zaidi kidogo, kwa kuwa anatembea futi 35 na anaweza kujificha kwenye majani au ukungu mwepesi. Hafulingi mwepesi wa mguu (lightfoot halfling) naye anafaa, maana anajificha hata nyuma ya mwenzake aliye mkubwa kumliko. Ila mwili wake ni mdogo, upinde mrefu ni mzito kwake, na akiutumia anapigana kwa hasara. Hafulingi achukue upinde mfupi.

Sasa namba. Kwa mfumo wa pointi 27, nunua hivi: Nguvu 9, Wepesi 14, Ustahimilivu 14, Akili 11, Busara 14, Haiba 10. Gharama ni 1, 7, 7, 3, 7 na 2, jumla 27. Baada ya kabila, Wepesi unakuwa 16 na Akili 12.

Wengi hapa watashtuka: mbona Wepesi 14 na siyo 15? Kwa sababu 15 inagharimu pointi 9 na kwa nyongeza ya kabila inakuwa 17, na 17 inaongeza kwenye dadu +3 ileile ya 16. Ukinunua 14 kwa pointi 7 unapata +3 hiyohiyo na pointi mbili zinabaki kununua kitu kingine. Nyongeza zako mbili za baadaye zitapeleka 16 hadi 18, kisha 18 hadi 20, bila kupoteza hata moja. Sababu pekee ya kuanza na 17 ni kama meza yenu inaruhusu vipaji vinavyoongeza Wepesi kwa 1, navyo havimo kwenye sehemu ya bure.

Ili kuchanganya taaluma hizi mbili, sheria inataka Wepesi usiopungua 13. Umeshapita.

Hatua ya 2: anza na Mjanja

Hapa ubishi huwa mkali, kwa hivyo tuuchambue. Ukianza na Mpiganaji unapata ustadi wa kujiokoa (dadu ya kuepa hatari) kwa Nguvu na Ustahimilivu, na deraya nzito. Deraya nzito inakupa hasara kwenye Kunyata, kwa hivyo huitaki. Uhai je? Ukianza Mpiganaji, kwenye kiwango cha 7 una pointi 58. Ukianza Mjanja una 57. Pointi moja. Kwa upande mwingine, orodha ya ustadi wa Mpiganaji haina Kunyata kabisa, na unachagua mawili tu. Mjanja huchagua manne, na Kunyata kumo.

Kinachouma kweli ni ule ustadi wa kujiokoa kwa Ustahimilivu, maana sumu hupitia hapo. Badala yake unapata wa Wepesi, unaokukinga na moto wa joka na radi. Kwa mhusika anayekaa mbali na vita, tunaona Wepesi una faida kubwa zaidi.

Ustadi wako manne: Kunyata, Sarakasi, Uchunguzi, na Udanganyifu. Utambuzi umeletwa na kabila. Kwenye historia ya mhusika, sheria inakuruhusu kujitungia: ustadi mbili, pamoja na vifaa au lugha mbili kwa jumla. Kwa meza ya Mombasa, mwanajahazi anakaa vizuri sana: Riadha, Kusoma Nia za Watu, vyombo vya majini, na lugha moja ya ziada. Riadha utaihitaji ukutani.

Kisha Ustadi Maradufu, unaofanya bonasi ya ustadi ihesabiwe mara mbili kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni Kunyata, hilo halina mjadala. Cha pili wengi huweka vifaa vya wizi. Sisi twapendekeza Utambuzi, maana mvizia anayeviziwa yeye kazi yake imekwisha. Kwenye kiwango cha 1 Kunyata kwako ni +7, na Utambuzi wako wa kukaa tu bila kurusha dadu ni 16.

Vifaa: chukua upanga mwembamba, upinde mfupi na mishale 20, furushi la mvunja nyumba (lina kamba ya futi 50, misumari 10 ya kupandia na taa yenye kifuniko), deraya ya ngozi, majambia mawili na vifaa vya wizi. Kinga yako ni 14. Vipande 50 vya dhahabu vya kwanza vinunue upinde mrefu. 45 vinavyofuata vinunue deraya ya ngozi yenye misumari.

Hatua ya 3: mpangilio wa viwango

Huu ndio uti wa mgongo wa mhusika, na ndipo wengi hukosea kwa haraka.

Kiwango cha 1 na cha 2, Mjanja. Kwenye cha 2 unapata Hila ya Haraka: kujificha, kukimbia au kujitoa vitani kwa kitendo kidogo. Mhusika amezaliwa hapa, usiicheleweshe.

Kiwango cha 3, Mpiganaji 1. Chagua mtindo wa Upinde, unaoongeza 2 kwenye kila shambulizi la upinde. Bonasi hii ina kazi ya siri: adui akiwa nyuma ya mwenzako, huhesabiwa amesitirika nusu, yaani Kinga yake inaongezewa 2. Mtindo wako unaifuta. Hapa pia unapata Pumzi ya Pili, uponyaji wa 1d10 na kiwango chako cha Mpiganaji. Itumie baada ya hatari kupita kwanza, maana inakula kitendo kidogo.

Kiwango cha 4, Mpiganaji 2, unapata Msukumo: kitendo kizima cha ziada, mara moja kabla ya kupumzika. Kiwango cha 5, Mpiganaji 3, chagua njia ya Bingwa. Pigo kuu kwako ni 19 au 20, siyo 20 pekee, na pigo kuu huzidisha mara mbili hata dadu za Pigo la Kuvizia. Kiwango cha 6, Mpiganaji 4, Wepesi unapanda hadi 18. Kiwango cha 7, Mpiganaji 5, mashambulizi mawili.

Kisha rudi kwa Mjanja. Cha 8 unakuwa Mjanja 3, Pigo la Kuvizia linakuwa 2d6, na unachagua njia ya Mwizi: kupanda ukuta kwa mwendo wako wa kawaida, na kutumia vifaa kwa kitendo kidogo. Cha 9, Wepesi 20. Cha 10, Mjanja 5, Pigo la Kuvizia ni 3d6 na unapata Ukwepaji, ambao unakata madhara ya shambulizi moja unaloliona kwa nusu, ukitumia jibu lako (kitendo cha kujibu nje ya zamu yako). Uhai wako, kwa wastani wa kitabu, ni 78.

Bei ya mpangilio huu lazima uijue kabla ya kuilipa. Rafiki yako aliyebaki Mpiganaji mtupu anapata mashambulizi mawili kwenye kiwango cha 5. Wewe unasubiri hadi cha 7. Viwango vya 5 na 6 ni ukame. Kwenye viwango hivyo, simama mahali ambapo mwenzako mwenye ngao yuko karibu na adui, uwe na uhakika wa dadu yako ya kuvizia, na uweke Msukumo kwa ajili ya kiongozi wa maadui. Kama kampeni yenu, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja, itaishia kiwango cha 5, usifuate mpangilio huu. Baki Mjanja mtupu.

Kosa moja kubwa: kusimamisha Mpiganaji kwenye kiwango cha 3 ili kurudi kwa Mjanja haraka. Ukikatiza hapo unapoteza nyongeza ya Wepesi ya kiwango cha 4 na shambulizi la pili la cha 5, kwa sababu nyongeza hizo hufuata kiwango cha taaluma, hazifuati kiwango cha jumla. Bonasi ya ustadi pekee ndiyo hufuata jumla.

Hatua ya 4: deraya na silaha

Deraya ya ngozi yenye misumari inatoa 12 na Wepesi wako wote: 15 mwanzoni, 16 ukifika Wepesi 18, 17 ukifika 20. Bamba la kifua linatoa 14 na Wepesi usiozidi 2, yaani 16 daima, kwa vipande 400 vya dhahabu. Halina hasara ya Kunyata, kwa hivyo linavutia. Lakini litakuzidishia pointi moja tu mpaka kiwango cha 6, halafu linalingana, halafu linapitwa. Pesa hizo zina kazi nyingine. Deraya za magamba, nusu bamba, na hata ile ya pamba iliyoshonwa ambayo ni rahisi na nyepesi, zote zina hasara ya Kunyata. Ile ya pamba huwaponza wageni kila mara, maana inaonekana kama nguo tu.

Upinde mrefu ni 1d8, futi 150 bila hasara, hadi 600 kwa hasara. Kumbuka tulivyosema: hasara huua Pigo la Kuvizia, kwa hivyo kwako upinde huu unaishia futi 150. Vilevile, adui akiwa ndani ya futi 5 zako na anakuona, kupiga upinde ni hasara. Ndiyo maana upanga mwembamba hauondoki kiunoni. Mishale 20 ni kipande kimoja cha dhahabu, na baada ya vita dakika moja ya kutafuta hukurudishia nusu ya uliyopiga.

Panga mbili usiziguse. Upanga wa pili huhitaji kitendo kidogo kila zamu.

Hatua ya 5: kujificha kama sheria inavyosema

Hapa ndipo meza nyingi huvurugika, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Huwezi kujificha mbele ya mtu anayekuona wazi. Lazima kuwe na kitu: ukuta, nguzo, giza, ukungu mzito. Ukishapata, unatumia kitendo kidogo, unarusha d20 na kuongeza Kunyata, na namba hiyo inapimwa dhidi ya utambuzi wa kila adui, ambao ni 10 na bonasi yake ya Utambuzi. Jini mdogo wa goblini ana 9, jitu la ogre 8, mlinzi wa kawaida 12, mbwa mwitu 13. Kwa +7 yako ya kiwango cha 1, mlinzi unampita ukipata 5 na kuendelea, yaani asilimia 80. Kwenye kiwango cha 9 una +13, na mlinzi huyo hawezi kukuona hata ukipata 1. Joka jekundu lililokomaa lina 23, kwa hivyo unahitaji 10. Na ndani ya futi 60 joka hilo halihitaji macho, kwa hivyo giza pekee halikufichi.

Mshale wako wa kwanza kutoka mafichoni una faida. Ukishapiga, upate ukose, wamejua ulipo. Mshale wa pili hauna faida tena. Wachezaji wengi hurusha yote miwili kwa faida, na msimamizi wa mchezo asiyejua sheria huwaachia. Halafu mhusika anaonekana ana nguvu kupita wote na mezani panakuwa na manung'uniko.

Mpangilio bora wa zamu ni huu: anza ukiwa tayari umefichwa tangu zamu iliyopita. Toka hatua moja, piga mshale, piga wa pili, rudi nyuma ya ukuta kwa mwendo uliobaki, kisha jifiche kwa kitendo kidogo. Maadui wanapofika zamu yao hawajui uko wapi hasa. Ukijificha mwanzoni mwa zamu badala ya mwisho, unapata faida ileile lakini unabaki peupe wakati wao wakikupiga. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi. Kwenye uhai wako ni kubwa.

Kwa upanga, mambo ni mengine. Vitani watu huwa macho kila upande, kwa hivyo ukitoka mafichoni na kumwendea adui kwa miguu, kwa kawaida atakuona kabla hujamfikia. Ndiyo sababu mhusika huyu ni wa upinde kwanza. Na kama mwenzako yuko futi 5 kutoka kwa adui, huhitaji kujificha ili upate Pigo la Kuvizia. Tumia kitendo kidogo kukimbilia mahali pazuri zaidi.

Mwanga nao uhesabu. Mwenge unaangaza futi 20 vizuri na 20 nyingine kwa mwanga hafifu. Kaa futi 45 kutoka kwa mwenzako anayeubeba, na macho yako ya elfu yatafanya kazi huku wewe ukiwa gizani.

Kushtukiza kunahitaji kundi zima. Adui akimtambua hata mmoja wenu, huyo hajashtukizwa. Mwenzenu mwenye deraya ya minyororo anarusha kwa hasara, na kelele zake ni zenu nyote. Tangulia futi 60 mbele peke yako, au mwombe mwenzenu mdruidi (mchawi wa misitu) atumie ule uchawi wa kupita bila kuacha alama, unaoongeza 10 kwenye Kunyata kwa kila aliye ndani ya futi 30 zake.

Ikiwa meza yenu imehamia sheria za 2024, mambo mawili yamebadilika hapa: kujificha kunahitaji kufikisha 15 kwanza, na aliyeshtukizwa hapotezi zamu, ila anarusha dadu ya kuanza vita kwa hasara. Ulizia kabla ya kikao cha kwanza.

Msukumo: utumie vipi

Raundi ya kwanza kwenye kiwango cha 7, Msukumo unakupa mishale minne. Ikipata yote ni wastani wa pointi 37 na nusu. Kuna ujanja unaosifiwa sana: piga kwa kitendo cha kwanza, kisha tumia Msukumo kuandaa shambulizi litakalotoka kwenye zamu ya mtu mwingine, ili upate Pigo la Kuvizia la pili, kwa sababu hilo ni mara moja kwa zamu na siyo kwa raundi. Sheria inaruhusu. Lakini shambulizi lililoandaliwa ni moja tu. Shambulizi la pili la Mpiganaji hufanya kazi kwenye zamu yake mwenyewe. Hesabu yake kwenye kiwango cha 7 ni 32 na nusu, pungufu. Kwenye kiwango cha 10 ni 49 na nusu dhidi ya 48 na nusu, pointi moja ya ziada, na umelipa kwa jibu lako, yaani raundi hiyo huna Ukwepaji. Piga mishale minne.

Hatua ya 6: mjaribu kabla ya kampeni

Daftari la hesabu lenye miraba linatosha kuwa ramani: mraba mmoja futi 5. Vifuniko vya soda viwe walinzi. Dadu za ludo zinafaa kwa Pigo la Kuvizia. D20 ukiikosa, programu za bure za simu zinarusha vizuri.

Chora uchochoro wa Mji wa Kale: upana mraba mmoja au miwili, baraza mbili zilizotokeza, kona kila baada ya miraba minne, roshani futi 15 juu. Weka walinzi wanne, Kinga 16, uhai 11, utambuzi 12, mmoja ana mwenge. Mchezeshe mhusika wa kiwango cha 2 peke yake. Utaona haraka kwamba kona ni bora kuliko giza: baada ya kila mshale unahitaji kitu cha kukukinga macho ndani ya futi 30 za mwendo wako. Akifa ndani ya raundi tatu, tazama uliishia zamu wapi, siyo dadu ulizopata.

Ukitaka ngome, unayo mfano karibu. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, ina buruji pembeni zinazochomoza ili mlinzi wa moja aone ukuta wa mwenzake. Ichore hivyo, weka mlinzi kwenye kila buruji, halafu tafuta njia ya kupanda. Utagundua kwamba hakuna ukuta usiotazamwa na macho mawili, na kwamba lazima sauti ya kiini macho imgeuze mmoja kwanza. Kupanda kwa kawaida kunakula mwendo mara mbili: ukuta wa futi 30 ni zamu mbili za mwendo mtupu. Ukishakuwa Mwizi kwenye kiwango cha 8 ni zamu moja, na hapo ndipo ngome inayoshindikana kwenye kiwango cha 5 inaanza kufunguka.

Baada ya kiwango cha 10

Endelea na Mjanja hadi 7: cha 6 kinaleta Ustadi Maradufu mwingine kwa vitu viwili, na hapo vifaa vya wizi vipate haki yao, cha 7 kinafanya moto na radi, ukijiokoa kwa Wepesi, visikuguse kabisa, na ukishindwa vikuumize nusu. Mpiganaji 6 ana nyongeza ya namba, lakini Wepesi umeshajaa 20, kwa hivyo nyongeza hiyo iende kwenye Ustahimilivu, na inaweza kusubiri.